Viota Katika Vidaka: Kingo za Maji, Kutoka Pate hadi Walthamstow

Katika Al-Inkishafi, shairi refu ambalo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alilitunga mwanzoni mwa karne ya 19, mji wa Pate umekufa na mashahidi wa kifo chake ni ndege. Vidaka vya ukutani vilivyopangwa sahani za kaure vimegeuka malazi ya makinda. Popo wamening'inia juu katika majumba yaliyokuwa yakimulikwa kwa taa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi: ndege akishahamia sebuleni, mwenye nyumba kaondoka.

Walthamstow, kaskazini-mashariki ya London, kuna jengo la matofali la mwaka 1894 lililokuwa na injini ya mvuke ya kusukumia maji. Bomba lake la moshi lilibomolewa miaka mingi iliyopita. Jengo hilo lilipokarabatiwa na kufunguliwa kwa umma Oktoba 2017, ulisimamishwa mnara mpya palipokuwa na bomba, na katika kuta zake mafundi wakaacha kwa makusudi matundu ya teleka, wale ndege wepesi wanaofanana na mbayuwayu, pamoja na nafasi za popo kulala mchana. Mshairi wa Pate angeshangaa. Kwake ndege na popo ndani ya jengo ni msiba. Walthamstow wanajengewa vyumba, na kufika kwao kunahesabiwa kuwa ushahidi kwamba mahali pamefufuka.

Tofauti hiyo ina mizizi. Inatokana na mapokeo mawili ya kutazama maji, mali na wakati: ya miji ya Waswahili iliyojengwa ikitazama bahari, na ya mashariki ya London iliyokua kando ya mto Lea. Sehemu zote mbili zimeona kingo zao za maji zikinawiri, zikichakaa, kisha zikipambwa upya. Kinachostahili kuulizwa ni hiki: ukingo ukishapambwa, aliyerudishiwa ni nani, na amerudishiwa kwa haki au kwa hisani?

Ibra na ndoto

Pate haikuanguka kwa siku moja. Mkondo wa kuingilia bandarini ulijaa mchanga na tope, majahazi makubwa yakashindwa kukaribia, watawala wakagombania kiti, na baada ya kushindwa na Lamu katika vita vya Shela, karibu na mwaka 1812, biashara na heshima vikahamia kwa jirani. Hayo ni maelezo ya mwanahistoria. Mshairi anashika njia nyingine: anaukalisha moyo wake kitako na kuuonya. Anauonyesha matajiri waliotembea kwa maringo, karamu zao na vitanda vyao vya fahari, kisha anauonyesha makaburi yao. Hamwambii mtu azibue mkondo, wala hamshitaki mtawala aliyeuacha ukajaa. Gofu kwake ni ibra, na kazi ya ibra ni kumrudisha mja kwa Mola wake.

Mtazamo huo haukubaki kwenye karatasi. Kwa karne nyingi pwani imeishi na magofu yake, Gede, Takwa, Kunduchi, Songo Mnara, kwa adabu ya mtu apitaye makaburini. Ukarabati ulikuja baadaye, kwa mikono ya idara za mambo ya kale na mashirika ya kimataifa, na mara nyingi kwa lugha ya watalii.

Mto Lea nao una fasihi yake. Mwaka 1653 Izaak Walton alichapisha The Compleat Angler, kitabu cha mazungumzo ya wavuvi wa ndoana wanaotembea kandokando ya mto huo wakisifu samaki, maji na utulivu wa nafsi. Karne mbili baadaye mto wa Walton ulikuwa umezingirwa na viwanda. William Morris, mbunifu wa nakshi za vitambaa, mshairi na msoshalisti, alizaliwa Walthamstow mwaka 1834. Mojawapo ya nakshi zake aliipa jina la Lea. Mwaka 1890 akatoa News from Nowhere, hadithi ya mtu anayelala katika London ya moshi na kuamka katika zama zijazo, nchi haina tajiri wala fedha, na mto Thames umekuwa safi hata samoni wamerejea. Katika London hiyo ya ndotoni, vitongoji vya mashariki hufanya sherehe kila mwaka kukumbuka siku makazi ya dhiki yalipobomolewa. Hapo Morris anamtaja Walton, anautaja mto Lea, na anazitaja Stratford na Old Ford kwa majina.

Maandiko haya mawili yakiwekwa pamoja, yanafanana kuliko inavyodhaniwa. Sayyid Abdalla na Morris wote wawili wanaushuku utajiri, na wote wanaamini kwamba uzuri wa mji usio na maadili ni ganda tupu. Wanapoachana ni kwenye tiba. Wa Pate anamwambia mtu mmoja mmoja atubu. Wa Walthamstow anawaambia watu wengi wajipange. Wa kwanza ana kina ambacho wa pili hana: anajua kwamba hata mji uliotengenezwa vizuri utakufa, na waliomo watakufa. Wa pili ana jambo ambalo wa kwanza hakulihitaji: anajua kwamba uchafu wa mto una aliyeuleta, na anaweza kutajwa.

Maji yenye mwenyewe

Aliyeuleta uchafu wa Lea alitajwa mapema. Kampuni ya maji ya East London Waterworks iliuza maji ya mto huo kwa maskini wa mashariki ya jiji. Kuanzia 1853 ilianza kuchimba mabwawa kwenye nyanda za majimaji za Walthamstow, vibarua wakifukua udongo kwa sepetu na kuusomba kwa mikokoteni. Kazi hiyo ilidumu nusu karne, hadi 1904. Kampuni ilinunua hata kinu cha kale cha Coppermill, ambako kati ya 1808 na 1857 shaba ilikuwa ikipondwa kuwa mabamba kwa nguvu ya maji.

Katikati ya kazi hiyo, mwaka 1866, kipindupindu kikaingia mashariki ya London na kuua watu zaidi ya 5,000. William Farr, mtakwimu wa serikali, alipanga vifo kwa kufuata ramani ya kampuni za maji badala ya ramani ya hewa mbaya, kama wengi walivyopendelea wakati ule. Vifo vilijazana katika eneo la kampuni moja. Mhandisi wake aliandika gazetini akikana kwamba tone lolote la maji yasiyochujwa limewafikia wateja. Wateja wakatoa ushahidi wa mikunga waliotoka kwenye mabomba yao. Ikabainika kwamba maji yalitoka katika bwawa la wazi la Old Ford. Ndiyo Old Ford ile ile ambayo, miaka 24 baadaye, Morris aliitia katika ndoto yake.

Miaka mitatu tu baada ya maafa ya London, kipindupindu kiliingia Unguja. Mlipuko wa 1869 na 1870 ulishuhudiwa na daktari Mskoti, James Christie, aliyekuwa akitibu watu kisiwani humo, na mwaka 1876 akachapisha kitabu kizima kuhusu njia za ugonjwa huo katika Afrika Mashariki. Mwaka 1870 Sayyid Barghash bin Said alikalia kiti cha usultani. Alikuwa ameonja uhamisho Bombay na kuona mji unaojengwa kwa mipango. Mwaka 1875 alizuru London yenyewe. Katika utawala wake maji ya chemchemi za kaskazini ya mji yaliletwa kwa mifereji na mabomba hadi Mji Mkongwe, na watu wakateka bila kulipa. Wazee wa Unguja waliusifu wema huo kizazi baada ya kizazi.

Hapa mapokeo mawili yanaonekana waziwazi. London ilimwachia maji mwenye hisa, na ilihitaji maelfu ya maiti kabla ya kumbana kwa sheria. Mwaka 1904 kampuni zote za maji za jiji ziliwekwa chini ya bodi moja ya umma. Unguja iliyapokea maji kama sadaka ya mtawala. Msomaji anaweza kumpenda Sultani kuliko mwenye hisa, na hana makosa. Lakini sadaka ina udhaifu wake: anayeipokea hana pa kuidai. Barghash alifariki 1888, na miaka miwili baadaye Unguja ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza. Tangu hapo maji, gati na ukuta wa bahari vilitegemea nia njema ya kila aliyeshika ofisi.

Haki yenye kalenda

Kati ya kampuni na sadaka kuna njia ya tatu, na mapokeo yote mawili yaliijua.

Kwenye nyanda za majimaji za bonde la Lea, wenyeji walikuwa na haki ya malisho iliyofuata kalenda. Kuanzia mwanzo wa masika hadi tarehe 1 Agosti, siku ya Lammas, nyasi zilikuwa za wenye viwanja, wazikate na kuzianika. Baada ya hapo uzio uliondolewa na mifugo ya wenyeji ikaingia. Ardhi ilikuwa na mwenyewe, lakini kwa nusu ya mwaka mwenyewe hakuwa na neno. Kampuni ya maji ilipopitisha mabomba na reli zake Leyton, jirani na Walthamstow, wakazi walikusanyika tarehe 1 Agosti 1892 wakang'oa vizuizi kwa mikono yao. Wengi wa waliong'oa hawakuwa wafugaji. Walikuwa watu wa mjini waliojua kwamba haki isiyotumiwa hufa. Mwaka 1904 haki ya malisho ya Leyton ilifutwa kisheria, lakini kwa badala: ardhi ikawa uwanja wa wazi wa umma.

Moyo huo uliibuka tena mwishoni mwa miaka ya 1970, mamlaka ya hifadhi ya bonde hilo ilipotaka kuchimba kokoto kwenye mbuga ya majimaji ya Walthamstow. Wakazi walihesabu mimea, wakaandika orodha za ndege, wakapinga vikaoni hadi mpango ukaanguka. Mwaka 1985 mbuga hiyo ikapewa ulinzi wa kisheria kwa thamani yake ya kisayansi. Leo ng'ombe hupelekwa kulisha humo, ndani ya London.

Sasa nenda Kisiwa Panza, Pemba, au Kizimkazi, kusini ya Unguja. Katika miaka ya karibuni wanavijiji wamekuwa wakikubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa takriban miezi mitatu ili pweza wakue. Kamati ya wavuvi ya shehia husimamia, boya huonyesha mpaka, na siku ya kufungua hupangwa kufuata bamvua, maji yanapotoka mbali. Wanawake wanaovua kwa miguu huingia pamoja na wanaume wenye vyombo. Hakuna mlango wala tiketi, na hakuna anayeshukuru mtu kwa kuruhusiwa. Kila mmoja anajua siku ya kufunga, siku ya kufungua, na nani wa kulalamikiwa utaratibu ukivunjwa.

Mvuvi wa Kizimkazi na mkazi wa Leyton wa 1892 wangeelewana bila mkalimani. Wote wanaujua ukingo wa maji kama mahali penye zamu, kanuni na wenyewe wengi. Ni mapokeo haya ya tatu yanayotoa kipimo cha ufufuo, na ndiyo yanayosahauliwa kwanza wasanifu na wafadhili wanapofika na michoro.

Kazi ilipohama

Kingo za maji hufa kazi inapohama. Forodhani ya Unguja ilikuwa mahali pa kupakua, kupima na kutoza ushuru. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa hata na reli ya kwenda Bububu. Bandari mpya ya Malindi ilipojengwa katika miaka ya 1920, shughuli zikasogea kaskazini, na reli ikafa. Miaka ya 1930 Waingereza waliigeuza Forodhani bustani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikapewa jina la Jamhuri, lakini watu wameendelea kuiita Forodhani. Mombasa ilipitia njia hiyo hiyo: meli kubwa zilihamia Kilindini, na Bandari ya Kale ikaachiwa majahazi na vyombo vya mwambao.

Walthamstow ilikuwa na mkasa wa aina yake. Viwanda vilivyoizunguka ndivyo vilivyoondoka. Katika barabara ya Blackhorse Lane ndiko yalikotengenezwa mabasi ya abiria ya London mwanzoni mwa karne ya 20. Chini ya matao ya reli ya mbugani, Alliott Verdon Roe aliunda ndege yake ya mabawa matatu na kuirusha Julai 1909. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya viwanda hivyo ilikuwa imefungwa au imehamia kwingine. Mabwawa yenyewe hayakuacha kazi hata siku moja. Yaliendelea kuwanywesha mamilioni, ila nyuma ya lango lililofungwa. Aliyetaka kuingia alihitaji kibali cha kuvua au cha kutazama ndege. Vizazi vya watoto vilikulia mitaa miwili mitatu kutoka kwenye maji waliyoyanywa kila siku na hawakuwahi kuyaona.

Kwa hiyo magonjwa mawili yalikuwa kinyume. Forodhani ilibaki wazi ikapoteza kazi. Walthamstow ilibaki na kazi ikafungwa. Atakayetumia dawa moja kwa magonjwa hayo mawili ataharibu.

Lango na ukuta

Dawa ya Walthamstow ilikuwa kufungua lango. Tarehe 20 Oktoba 2017 eneo la hekta 211 lenye mabwawa kumi lilifunguliwa kwa wote, kiingilio bure, kwa mradi uliogharimu takriban pauni milioni 10.6 zilizotoka mfuko wa urithi wa bahati nasibu ya taifa, kampuni ya Thames Water inayomiliki mabwawa, halmashauri ya Waltham Forest na serikali ya jiji. Shirika la London Wildlife Trust linalea wanyama na mimea. Maji bado yanafanya kazi ile ile. Inakadiriwa watu milioni 3.5 wanayategemea. Wavuvi wa ndoana wamebaki. Korongo na minandi wanazaliana kwenye visiwa vidogo ambavyo wachimbaji wa karne ya 19 waliviacha. Teleka wanaolengwa na mnara ule, majira ya baridi huwa huku kwetu, katika anga za Kongo na kusini yake. Ufufuo wa Walthamstow una nusu yake Afrika.

Kwa mhakiki, uzuri wa mradi huu uko katika uchache wa vilivyoongezwa. Njia, mgahawa, sehemu ya kutazamia juu ya Coppermill, mnara. Hawakujenga ziwa la mapambo, walifunua kazi iliyokuwapo. Anayeingia anaona jinsi jiji linavyokunywa. Hilo ni somo ambalo miradi mingi ya ufukweni duniani hailitoi, kwa sababu huficha mitambo na kuuza mandhari.

Forodhani ilifunguliwa upya Julai 2009 baada ya ukarabati wa shirika la utamaduni la Aga Khan: ukuta wa bahari uliimarishwa, taa na mifereji ikawekwa, miti ikatunzwa, wauza chakula wakapangiwa eneo. Kila jioni mahali huwaka: mishikaki, pweza, urojo, juisi ya miwa, pizza ya Unguja inayokunjwa mbele ya macho yako. Vijana huruka kutoka ukutani na kutumbukia baharini huku wapita njia wakiwashangilia. Hakuna bandari tena, lakini kuna riziki, na wenye riziki hiyo wengi ni wenyeji wenye mtaji mdogo. Mombasa nayo ilizindua ufukwe wa Mama Ngina uliokarabatiwa tarehe 20 Oktoba 2019, Sikukuu ya Mashujaa, mahali ambapo familia za mji zimezoea kupunga upepo jioni kwa madafu na mihogo ya kukaanga iliyotiwa ndimu na pilipili.

Ukitoka Forodhani jioni ukaingia Walthamstow, utaona inakosa nini. Mabwawa hayaruhusu kuogelea, kwa sababu ni maji ya kunywa, hilo linaeleweka. Lakini lango hufungwa kabla ya jua la kiangazi kuzama, na chakula ni cha mgahawa mmoja. Mahali pamefikiriwa kwa ajili ya mtu anayetembea kimya na darubini shingoni. Bibi wa Kipakistani au mama wa Kisomali wa mitaa ya jirani, aliyelelewa kujua kwamba ukingo wa maji ni wa jioni, wa watoto na wa kula pamoja, anakaribishwa kwa masharti ya utulivu wa mtu mwingine. Mapokeo ya Walton yameshinda, ya Forodhani hayakuulizwa. London ingeweza kujifunza kwa Unguja namna ya kuachia ukingo uwe baraza.

Unguja nayo ina la kujifunza. Bustani ilipokarabatiwa ikang'ara, Beit al-Ajaib iliyo mbele yake, jumba la Barghash la 1883, liliendelea kulemewa na uzee; Desemba 2020, likiwa katikati ya ukarabati, sehemu yake kubwa iliporomoka na watu wakapoteza maisha. Jengo la Walthamstow lilipewa matumizi kabla ya kupewa rangi, na matumizi ndiyo yanayoleta fundi wa kuziba ufa kila mwaka. Gofu linalopendwa kwa picha peke yake hungoja siku yake.

Bonde linalosubiri hukumu

Kipimo cha haki yenye kalenda kinahitajika sana sasa Dar es Salaam. Mto Msimbazi unateremka kutoka vilima vya Pugu, unapita Jangwani na kumwaga maji yake baharini penye daraja la Salander. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwaacha wengi bila makazi. Baadhi ya waathirika walihamishiwa Mabwepande, mbali na kazi zao za mjini. Hata hivyo karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa papo hapo Jangwani, na maji yakaifuata mara kwa mara. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa bonde hilo: kupanua mto, kuinua daraja la Jangwani, kuhamisha karakana, na kugeuza sehemu ya bonde kuwa bustani ya jiji.

Bonde la Lea lilipita hapo. Mafuriko ya Machi 1947 yaliingia majumbani, na jibu lilikuwa mfereji mkubwa wa kupunguza mafuriko uliochukua miaka mingi kukamilika, hadi 1976, ukipita kando ya mabwawa ya Walthamstow. Mwaka 1967 ikaanza kazi mamlaka ya kusimamia bonde zima kama hifadhi, wazo ambalo mpangamiji Patrick Abercrombie alilipendekeza 1944. Yaani London ilitumia karibu miaka 75, kutoka wazo la 1944 hadi lango la 2017. Asiyejua hesabu hiyo atadhani bustani hushuka kutoka mbinguni pamoja na fedha za mkopo.

Ila London haikumaliza kesi yake. Kampuni za maji zilibinafsishwa 1989, na Mei 2025 msimamizi wa sekta hiyo aliitoza Thames Water faini ya pauni milioni 122.7 kwa kumwaga maji taka na kugawa gawio isivyostahili. Mwenye lango la Walthamstow, basi, ni kampuni yenye madeni, na uingiaji wa bure unasimama juu ya makubaliano kati yake, halmashauri na shirika la hisani. Kuzunguka stesheni ya Blackhorse Road maghorofa mapya yameota, na ukaribu wa mabwawa umekuwa sehemu ya bei. Mpangaji wa zamani asipoweza kulipa, atafunguliwa lango la mahali asipokaa tena. Barghash angeyatambua mambo haya: maji mazuri, yanayotolewa bure, kwa muda wote ambao mtoaji yuko tayari.

Hukumu yangu ni kwamba Walthamstow ni ufufuo bora kuliko mingi, na bado ni hisani. Forodhani ina uhai ambao Walthamstow haina, na nayo ni hisani. Watu wa Kisiwa Panza, wasio na mnara wala mfadhili wa mamilioni, wana kitu ambacho miji yote miwili imekikosa: kanuni waliyoitunga wenyewe, yenye siku na wasimamizi wanaojulikana.

Mshairi wa Pate alikuwa sahihi kwamba hakuna jumba lidumulo. Kwa sababu hiyo hiyo, linalofaa kuandikwa kwa wino usiofutika ni haki, kwa kuwa ndiyo inayoweza kumpita aliyeitoa. Dar es Salaam bado ina nafasi. Kabla ya mche wa kwanza kupandwa Jangwani, halmashauri zitunge sheria ndogo zinazosema kwamba uingiaji wa bustani ya Msimbazi ni bure daima, kwamba wauzaji wadogo wana eneo lao lisilopigwa mnada, na kwamba waliohamishwa bondeni wana viti katika bodi itakayoisimamia. Wakazi wa Dar wasisubiri kualikwa kwenye uzinduzi. Waidai sheria hiyo sasa, wakati fedha bado zinahesabiwa.